Mgonjwa Anapohudumiwa Nyumbani: Viwango vya Ubora na Usalama



Somo letu linahusu jambo lililomo karibu katika kila jumuiya ndogo ndogo, ingawa halizungumzwi sana: mgonjwa au mzee anayehudumiwa nyumbani na mtu anayelipwa. Zamani mama akipatwa na kiharusi, binti au mkwe ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Siku hizi binti yuko kazini Mwanza, kaka yake yuko Nairobi, mdogo wao yuko Minnesota, na mama amebaki Moshi na mhudumu aliyeletwa na kampuni. Katika miji yetu mikubwa kampuni zinazopeleka wahudumu majumbani zinazidi kuonekana. Na huko ng'ambo vijana wetu wengi wanaishi kwa kazi hiyohiyo, wakimwogesha na kumgeuza mzee wa Kimarekani au wa Kiingereza nyumbani kwake. Kwa hiyo tuko pande zote mbili za mlango: wengine tunamwachia mtu baki mama yetu, wengine ndio mtu baki aliyeachiwa mama wa wenzake.

Sasa tujiulize: tutajuaje kwamba huduma hiyo ni nzuri na ni salama? Waamini wengi hujibu haraka, "Ni binti mwenye huruma, anasali, anatoka familia nzuri." Sifa hizo ni za thamani na sizidharau. Lakini huruma haimfundishi mtu namna ya kumwinua mgonjwa wa kiharusi bila kumtegua bega, wala dini haimwambii kwamba kidonge fulani hakipaswi kusagwa.

Wema usio na mpango

Kanisa lililitambua jambo hili mapema. Mwezi wa Agosti 1617, huko Châtillon-les-Dombes nchini Ufaransa, Padre Vinsenti wa Paulo alipata habari, wakati akijiandaa kwa Misa, kwamba kuna familia nje ya mji ambayo wote ni wagonjwa na hakuna wa kumsaidia mwenzake. Akaiombea msaada katika mahubiri. Mchana wake alikuta njia imejaa watu waliobeba vyakula. Wengi wetu tungemshukuru Mungu na kuishia hapo. Yeye aliona kasoro: chakula kilikuwa kingi kuliko familia ile ilivyoweza kula siku hiyo, kingine kingeharibika, na baada ya siku chache watu wale wangerudia shida yao ileile. Upendo ulikuwepo, mpango haukuwepo.

Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa amewaandikia akina mama wa Châtillon kanuni za kuwahudumia wagonjwa majumbani, na kanuni hizo zinashangaza kwa jinsi zinavyoingia katika mambo madogo. Zinaeleza zamu za kila siku na nani atunze fedha. Zinaeleza hata namna ya kumwandalia mgonjwa chakula: kumsalimu kwa uchangamfu, kutandika kitambaa, kumnawisha mikono, kumkatia nyama. Kisha kuna agizo moja ambalo napenda kila frateri alikumbuke anapopanga ratiba ya kutembelea wagonjwa: mhudumu aanze kwa mgonjwa mwenye mtu wa kukaa naye, amalizie kwa yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Miaka 16 baadaye, mwaka 1633, Vinsenti na Luisa wa Marillac wakaanzisha Mabinti wa Upendo, ambao walikwenda katika nyumba za wagonjwa maskini wakati ambapo watawa wa kike kwa kawaida waliishi ndani ya kuta za monasteri.

Kwa hiyo anayesema kwamba viwango ni mambo ya serikali na bima, na kwamba Kanisa lina upendo tu, hajasoma historia yake vizuri.

Kwa nini nyumbani ni mahali pagumu

Wodini kuna macho mengi. Muuguzi mmoja akikosea dozi, mwingine wa zamu inayofuata anaweza kugundua. Daktari anapita asubuhi, ndugu wanakuja saa ya kuona wagonjwa, na hata mgonjwa wa kitanda cha jirani ni shahidi. Nyumbani kuna watu wawili na mlango uliofungwa, na mmoja wao pengine hawezi kusema. Mgonjwa akipigwa, akiachwa katika mkojo hadi mchana, au pensheni yake ikipungua kila mwezi, nani atajua? Na upande wa pili tusiusahau: mhudumu akisingiziwa wizi, au akidhalilishwa na mtoto wa mwenye nyumba, yeye naye hana shahidi.

Viwango vyote nitakavyovieleza hapa chini vina shabaha moja: kuleta jicho la pili ndani ya nyumba.

Mfano wa Marekani

Nachukua Marekani kwa sababu kanuni zake zimeandikwa kwa undani, na kwa sababu wasomaji wetu wengi wana ndugu wanaofanya kazi chini ya kanuni hizo. Bima ya wazee iitwayo Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, hulipia pia huduma ya afya nyumbani. Lakini hailipi kampuni yoyote tu. Kampuni inatakiwa kutimiza masharti ya serikali kuu, ambayo yalifanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kutumika mwezi wa Januari 2018.

Mafunzo ndiyo mwanzo. Mhudumu wa kawaida, asiye muuguzi, lazima awe amepata angalau saa 75 za mafunzo, na kati ya hizo saa zisizopungua 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Anafundishwa kupima joto la mwili, mapigo ya moyo na upumuaji, kuzuia maambukizi, kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kumwangusha, kutambua dalili za hatari, na kuheshimu faragha ya mgonjwa na mali yake. Baadhi ya stadi hazipimwi kwa mtihani wa karatasi, anatazamwa akizifanya. Baada ya hapo kila mwaka anaongezewa saa 12 za mafunzo. Akikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, anaanza upya. Saa 75 ni chache, nakubali. Ni kama wiki mbili za kazi. Lakini linganisha na binti anayechukuliwa kijijini Jumamosi na kukabidhiwa mgonjwa wa kiharusi Jumapili.

Kisha kuna tathmini. Mgonjwa anapotoka hospitalini, kampuni inapaswa kumtembelea katika saa 48, au katika tarehe iliyopangwa na daktari. Ndani ya siku 5 tangu huduma ianze, tathmini kamili iwe imekamilika, pamoja na kupitia dawa zote anazotumia ili kuona zinazogongana au zinazorudiwa. Tathmini hiyo inafanywa upya katika siku 5 za mwisho za kila kipindi cha siku 60. Maana yake ni kwamba mpango wa huduma una tarehe ya kwisha. Kwetu mara nyingi maelekezo aliyotoa daktari siku ya kuruhusiwa ndiyo yanayofuatwa mwaka mzima, hata kama mgonjwa amekonda nusu.

Kanuni ninayoiona bora kuliko zote ni ile ya usimamizi. Mgonjwa anapopata pia huduma ya kitaalamu, muuguzi au mtaalamu mwingine wa afya lazima akague kazi ya mhudumu walau kila baada ya siku 14, na mhudumu si lazima awepo wakati wa ukaguzi huo. Fikiri hekima yake. Mgonjwa anaulizwa, "Binti anakuhudumiaje?" wakati binti hayupo chumbani. Mara moja kwa mwaka, kinyume chake, kila mhudumu anatazamwa akiwa kazini mbele ya mgonjwa. Kwa njia hizo mbili unapata habari ambazo hakuna fomu inayoweza kukupa.

Mgonjwa pia anapewa haki zake kwa maandishi: kutotukanwa wala kupigwa, kutotelekezwa, kutoibiwa, na kulalamika bila kulipiziwa kisasi. Anapewa namba ya simu ya jimbo ya kupeleka malalamiko. Wakaguzi wanafika kwenye kampuni bila taarifa, si chini ya mara moja katika miezi 36, na wanakwenda hadi majumbani kwa wagonjwa.

Lakini tusidhani huko ni mbinguni. Masharti haya yanabana kampuni za huduma ya afya zinazolipwa na Medicare. Kampuni zinazotoa msaada wa kawaida tu, kama kuogesha, kupika na kukaa na mzee, ziko chini ya sheria za kila jimbo, na majimbo hayafanani. Mengine ni makali, mengine yanadai kidogo sana. Tangu mwaka 2015 kampuni za Medicare hupewa nyota ili familia zichague, jambo jema, ila sehemu ya takwimu za nyota hizo hutokana na tathmini zilizojazwa na kampuni zenyewe. Mwanafunzi akisahihisha mtihani wake mwenyewe, tunajua alama zitakavyokuwa. Na sheria ya mwaka 2016 ilidai kwamba, katika mpango wa Medicaid unaohudumia watu wa kipato kidogo, mhudumu aandikishe kwa mtambo saa aliyofika, saa aliyoondoka na mahali alipo. Lengo ni kuzuia malipo ya ziara hewa. Baadhi ya watu wenye ulemavu wamelalamika kwamba nao wanafuatiliwa kama wafungwa, na malalamiko yao yana uzito: usalama unaomnyima mtu faragha nyumbani kwake una kasoro.

Mgongo, dawa na mwanguko

Tushuke sasa hadi kitandani, maana ubora wa huduma unaonekana kwenye ngozi ya mgonjwa kabla haujaonekana kwenye faili.

Vidonda vya kitandani huja pale uzito wa mwili unapobana ngozi kwenye mfupa kwa muda mrefu: chini ya mgongo, kwenye nyonga, visigino, viwiko, hata kisogoni. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ingawa mtaalamu anaweza kupanga vingine kulingana na hali yake na godoro lake. Anakaushwa, shuka linanyooshwa lisiwe na mikunjo, na anavutwa kwa kuinuliwa, si kwa kuburutwa. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Ni lazima kugusa: mahali pale huwa pa joto au baridi kuliko ngozi ya jirani, pagumu au palaini kupita kawaida, na mgonjwa hulalamika maumivu. Mhudumu anayefanya kazi kwenye familia ya Waafrika bila kufundishwa hilo atakiona kidonda kikiwa kimekwisha kufunguka.

Dawa zina kanuni ambayo wauguzi huikariri: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Nyumbani panahitajika daftari. Si kumbukumbu, daftari, lenye tarehe, saa na jina la aliyempa. Inapotokea kwamba mhudumu wa mchana amempa baba dawa ya presha na mkwe akampa tena jioni "kwa sababu sikujua", baba huamka usiku, kichwa kinazunguka, anaanguka. Watu watasema ni uzee. Tena mhudumu asiye muuguzi ana mipaka: anaweza kumkumbusha mgonjwa na kumfungulia kopo la dawa anazojinywea mwenyewe, lakini kuchoma sindano, kubadili dozi au kubadilisha mpira wa mkojo si kazi yake, hata mwenye nyumba akimsihi.

Kuhusu kuanguka niseme kwa ufupi: mkeka unaoteleza, bafu lisilo na pa kushika, choo cha nje usiku bila taa. Kampuni nzuri huikagua nyumba siku ya kwanza na kuiambia familia ukweli. Kampuni inayoanza na bei kabla ya kuuliza choo kiko wapi inanitia shaka.

Na mikono inawe kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Glavu haichukui nafasi ya kunawa, na ile iliyotumika kubadilisha pempasi haifungui jokofu.

Haki ya anayehudumu

Watu wengi huona mshahara wa mhudumu kuwa jambo la mkataba wa kazi, lisilohusiana na ubora. Si kweli. Nchini Uingereza, taasisi iitwayo NICE, inayotoa miongozo ya afya na ustawi, ilitamka mwaka 2015 kwamba ziara ya kumhudumia mzee nyumbani isiwe chini ya nusu saa ila kwa sababu maalumu, kama vile anayehudumu kuwa ni mtu ambaye mzee anamfahamu na kazi kuwa ndogo, mathalani kuhakikisha amemeza dawa. Kwa nini ilibidi kusema hivyo? Kwa sababu ziara za robo saa zilikuwa zimeenea. Katika dakika 15 huwezi kumvua mzee wa miaka 85, kumwogesha, kumvika na kumlisha. Unachagua: leo ale au leo aoge. Na wahudumu wengi nchini humo wamekuwa hawalipwi muda wa kusafiri kutoka nyumba moja hadi nyingine, hivyo anayechelewa hupunguza dakika za mgonjwa ili asipoteze pesa yake.

Tangu Papa Leo XIII alipotoa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha juu ya ujira wa haki. Hapa fundisho hilo linahusu mwili wa mgonjwa moja kwa moja. Familia inayomtaka mhudumu akae saa 24, siku 7, alale kwenye kiti na alipwe kama mtumishi wa ndani, inanunua uchovu, na mtu aliyechoka hivyo hawezi kuamka kila saa mbili kumgeuza mama. Mtoto aliyeko ng'ambo anayelipwa kwa saa na kupewa siku ya mapumziko ya kazi hiyohiyo angepaswa kuwa wa kwanza kuelewa.

Kwetu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, inatambua haki ya wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Haya ni mambo ya msingi, lakini familia inayotafuta mhudumu wiki hii itapata faida zaidi kwa kuuliza maswali yake yenyewe. Kampuni ikisema inaleta muuguzi, omba namba yake ya usajili na uihakiki kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania au Baraza la Wauguzi la Kenya. Uliza nani anamsimamia mhudumu, na anakuja nyumbani mara ngapi. Mhudumu akiugua, nani anakuja badala yake, na je, huyo mgeni atakuwa amesoma daftari? Usiku hali ikibadilika, anapigiwa nani? Wizi ukitokea, utaratibu ni upi? Taka mkataba ulioandikwa unaosema kazi zipi zimo na zipi hazimo. Tena iwekwe wazi kwamba mhudumu hashiki kadi ya benki ya mgonjwa wala neno lake la siri la simu, na hapokei zawadi kubwa. Sharti hilo linamlinda mgonjwa, na mhudumu mwaminifu linamlinda zaidi.

Kwa wasioweza kumudu kampuni, ambao ndio wengi, parokia inaweza kufanya mengi. Tuna uzoefu: wakati UKIMWI ulipoelemea familia zetu, huduma kama PASADA ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1992, zilipeleka watu waliofunzwa hadi vitandani mwa wagonjwa. Muuguzi mstaafu wa parokia, akiombwa kutembelea nyumba tano kila baada ya wiki mbili, anatosha kuwa lile jicho la pili.

Neno kwa mafrateri na wahudumu wa Komunyo

Ninyi mnaingia katika vyumba ambavyo hata majirani hawaingii. Mkimpelekea mgonjwa Komunyo, tazameni. Kuna maji karibu na mkono wake? Midomo imekauka? Chumba kina harufu ya mkojo uliolala? Kuna michubuko ambayo maelezo yake yanabadilika? Mhudumu anamjibia mgonjwa kila swali? Ombeni kwa upole kubaki na mgonjwa dakika chache peke yake, mlango ukiwa wazi nusu, kwa usalama wenu na wake.

Mafrateri wengine huona kwamba walichokiona ni siri isiyosemeka. Siri ya kitubio inamhusu padre na maungamo. Kidonda ulichokiona si maungamo. Usikitangaze kwenye jumuiya, lakini mwambie paroko, na mwanafamilia anayehusika, siku hiyohiyo. Ikiwa kuna dalili za kupigwa au kudhalilishwa, paroko asiishie kusuluhisha. Suala lifike ustawi wa jamii au polisi. Usimshutumu mhudumu papo hapo, maana huenda yeye ndiye aliyekuwa akiomba msaada wiki nzima bila kusikilizwa, na huenda aliyepiga ni mwana wa nyumba. Andika tarehe, saa, ulichokiona kwa macho yako na ulichoambiwa, kila kimoja mahali pake.

Kwa mjadala katika jumuiya:

Katika jumuiya yetu ni wagonjwa wangapi wanahudumiwa na mtu mmoja tu, na nani mwingine aliingia chumbani mwao mwezi huu?

Je, wahudumu hao wanapata siku ya kupumzika na kwenda Misa? Siku hiyo nani anashika zamu?

Orodha yetu ya kutembelea wagonjwa inaanza na nani, na inamalizia kwa nani?